Wasia wa Mwana Kupona Mbele ya Darasa la Mchanganyiko

Miongoni mwa tungo zinazosomeshwa katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili, ni chache zinazozusha ubishi kama Utendi wa Mwana Kupona. Wako walimu wenzetu ambao wangependa utendi huu uondolewe kabisa mikononi mwa wanafunzi, nao wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba umejaa mafundisho ya dini moja, hali darasa lina vijana wa dini mbalimbali. Ya pili ni kwamba unamfunza msichana kukaa chini ya mumewe, hali shule inajitahidi kumfunza kwamba yeye na mvulana wana haki sawa. Wako pia walimu wanaouheshimu, lakini huusomesha nusunusu: hukata sifa za Mungu za mwanzoni na dua za mwishoni, wakaruka beti zinazokwaruza masikio ya leo, kisha wakabakiza maneno ya adabu njema ambayo hapana awezaye kuyapinga.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini njia zote mbili, ya kuutupa utendi na ya kuukata, hazitufai. Tunaandika kwa kuwafikiria hasa walimu wa Uganda, ambako darasa la Kiswahili huwakusanya pamoja Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na wengineo. Lakini twaamini kwamba mwalimu wa Bujumbura, wa Kigali au wa Bukavu ataziona humo shida zake pia. Rai yetu ni kwamba utendi huu usomwe wote, tena usomwe na wote, wasichana na wavulana, Waislamu na Wakristo, na kwamba baada ya kuusoma darasa zima lipewe ruhusa ya kuujibu.

Mtunzi na binti yake

Kwanza yatupasa tukumbuke utendi wenyewe ni nini. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa Pate, mke wa Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi aliulinda mji wake usitawaliwe na Sultani wa Zanzibar. Sheikh Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1858, ambao ni mwaka 1275 wa Hijra, mjane wake akiwa mgonjwa alimtungia wasia binti yake Mwana Hashima, aliyekuwa msichana wa miaka 17 hivi. Mama mwenyewe alifariki miaka michache baadaye. Utendi una beti zipatazo mia moja, kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikichukua kina kinachozifunga beti zote tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha yake ni ya Kiamu, na hivyo mwanafunzi wa bara huhitaji kusaidiwa katika maneno mengi.

Jambo la kwanza ambalo mama anamtaka binti alifanye ni kusogea karibu na wino na karatasi. Walimu wengi hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye mafundisho, nasi twaona kwamba hapo ndipo pa kusimama kwa muda. Mama anatunga, na binti ndiye anayeambiwa ashike kalamu. Basi tunao hapa mwanamke mwenye elimu ya dini, ya ushairi na ya dunia, na msichana anayejua kuandika, katika kisiwa kidogo cha pwani, mwaka 1858.

Tulinganishe tarehe hiyo na zile za kwetu. Shule ya wasichana ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Shule ya wasichana ya Nabisunsa, iliyokusudiwa mabinti wa Kiislamu, ilianzishwa mwaka 1954, karibu nusu karne baadaye. Katika muda huo wako waliodhani, na hata kusema, kwamba binti wa Kiislamu alichelewa shule kwa sababu dini yake haikumtaka ajue kusoma. Utendi wa Mwana Kupona wawajibu bila ya kugombana nao. Kalamu ilikuwa mkononi mwa binti wa Kiislamu kabla ya misheni yoyote kufika Buganda. Sababu za kuchelewa kwake zitafutwe mahali pengine: katika vita vya dini vilivyopiganwa Buganda kati ya mwaka 1888 na 1892, katika elimu iliyoachwa mikononi mwa madhehebu, na katika hofu ya wazazi kwamba mtoto akipelekwa shule ya misheni atarudi amebadilishwa dini. Mwanafunzi wa kike, awe wa dini gani, akiyajua haya ataufungua utendi huu kwa moyo mwingine.

Hoja ya dini

Sasa tuitazame hoja ya dini. Hofu ya kwamba Kiswahili kinabeba Uislamu ndani yake ni kongwe katika Uganda. Askofu Alfred Tucker wa Kanisa la Kianglikana alikipinga Kiswahili kwa sababu aliona kimekaribiana mno na Uislamu, ijapokuwa mmisionari mwenzake Alexander Mackay, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa amekipendelea. Baadaye lugha hii ilibebeshwa lawama nyingine, ya kuwa lugha ya askari, hasa baada ya Idi Amin kuitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa hiyo ilipofika 2005, katiba ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali kisomeshwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, mwalimu aliingia darasani akiwa na mzigo wa miaka zaidi ya mia moja. Si ajabu basi kwamba mbele ya utendi unaoanza kwa kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mwalimu huyo hushika mkasi.

Lakini mkasi huo wakata nyama, si nywele. Katika utaratibu wa tenzi za kale, sifa za Mungu ni mlango wa nyumba na dua ni paa lake. Ukiviondoa viwili hivyo huna nyumba tena, una kuta tu. Tena katika utendi huu dua ya mwishoni ni ndefu, na ndiyo sehemu inayotuonyesha moyo wa mtunzi kuliko sehemu nyingine yoyote. Humo mama hamwusii mtu. Yeye ni mgonjwa anayeiona safari yake, anawataja watoto wake na jamaa zake, na anamwomba Mola awatunze pindi yeye atakapokuwa hayupo. Mwanafunzi Mkatoliki wa Masaka aliyemsikia nyanya yake akisali usiku kwa ajili ya wajukuu hahitaji kufasiriwa dua hiyo. Anachohitaji ni kufasiriwa maneno machache ya Kiarabu na ya Kiamu, kisha ataijua sauti hiyo mara moja. Mwalimu aliyeikata dua ili asimuudhi mwanafunzi huyo amemnyima nafasi ya kugundua kwamba jirani yake wa Kiislamu analelewa na mama anayeomba kama mama yake yeye.

Aidha, historia ya fasihi yetu haikubali ukuta huo. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kikristo, alipoanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji huo. William Taylor, naye mmisionari, alizikusanya tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Kiislamu. Bila ya ushirikiano wao sehemu kubwa ya maneno ya Muyaka ingalikufa pamoja na wazee. Na Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, alipotaka kuisimulia Enjili kwa ushairi, hakutafuta bahari ya kigeni. Alichukua umbo lile lile la utenzi lililokulia katika nyumba za Waislamu wa pwani, akatoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Mwanafunzi Mkristo akiambiwa kwamba umbo la Mwana Kupona ndilo lililoibeba Enjili, ataona kwamba urithi huu ni wake pia. Na mwanafunzi wa Kiislamu akiambiwa kwamba kadhi alimsaidia mfasiri wa Biblia, ataona kwamba kuheshimu kitabu cha mwenzake si kuiacha dini yake.

Hata hivyo mwalimu ahadhari na mambo mawili. Kwanza, darasa la fasihi si mahali pa kuhubiri. Hapana mwanafunzi anayetakiwa kuitikia amina. Anayotakiwa ni kufahamu. Pili, mwanafunzi wa Kiislamu asigeuzwe kuwa shekhe wa darasa, akaulizwa kila siku aeleze na atetee dini yote. Na aulizwe kama anavyoulizwa mwenzake, na neno asilolijua litafutwe katika kamusi na wote. Kijana anayewekwa mbele kama mfano wa dini yake hukoma kuwa mwanafunzi, na wenzake hukoma kumwona kama mwenzao.

Hoja ya mwanamke

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi hatutaki kuipunguza uzito. Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba mwanamke ana radhi tano za kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Anamwambia kwamba mlango wa peponi una uhusiano na radhi ya mume huyo. Anamfunza kumtumikia, kumpambia, kumbembeleza anapolala, na kutotoka nyumbani bila ya idhini yake. Maneno haya yamo, na mwalimu anayejifanya hayamo anawadanganya wanafunzi wake.

Tumewahi kuona yakisomeshwa kwa namna mbili zisizofaa. Katika ya kwanza, mwalimu huyageuza kuwa sheria na kuwaelekea wasichana peke yao, wavulana wakikaa nyuma wakicheka kwa furaha kana kwamba wamepewa hati ya kumiliki. Katika ya pili, mwalimu huyageuza kuwa kichekesho cha zamani za ujinga, na hapo binti ambaye mama yake bado anaishi hivyo huinamisha kichwa kwa aibu. Namna zote mbili hazimsomi Mwana Kupona. Ya kwanza humtumia, na ya pili humdhihaki.

Kumsoma ni kuuliza: ni nani anayesema, anamwambia nani, na wakati gani? Anayesema ni mjane mgonjwa. Mume aliyekuwa ngao ya nyumba amekufa, mji wake una maadui, na binti atabaki bila baba wala mama. Katika hali hiyo mama anampa mtoto silaha ambazo yeye mwenyewe amezijaribu. Anatoa ushahidi wa ndoa yake, kwamba aliishi na mumewe bila ugomvi na kwamba mume alimridhia mpaka siku ya kufa. Huo ni wasia wa mtu anayeijua dunia aliyonayo na anayetaka mtoto wake apone ndani yake. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Mwana Kupona anafanya haraka ili ulimwengu usimtangulie.

Tena yumo ndani ya wasia huu mwanamke mwerevu kuliko anavyodhaniwa. Mahali pamoja anamwambia binti amtunze mumewe kama mtoto mchanga asiyejua kunena. Wanafunzi waulizwe: katika mfano huo mwenye nguvu ni nani, na mwenye akili ni nani? Tumeona swali hili likiwagawa vijana mara moja, wengine wakisema huo ni utumwa, wengine wakisema huo ni utawala wa chinichini. Sisi hatusemi kwamba Mwana Kupona alikuwa mpigania haki za wanawake. Tungesema hivyo tungemvika nguo ambazo hakuzishona. Twasema tu kwamba hakuwa mjinga wa hali yake, na kwamba msomaji anayemwona kama kinywa cha wanaume hajamsoma kwa makini. Ifahamike pia kwamba Alice Werner na William Hichens, walipoutoa utendi huu kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke. Jina hilo limewaongoza wasomaji wengi kuutafuta humo mume peke yake, na kuisahau kalamu, uchaji Mungu, ukweli wa ulimi, na ile dua.

Liko jambo jingine ambalo hata wakosoaji wa utendi huu hulisahau. Mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hapo ndipo tunapowaona kwa kupita wale wanawake ambao hawakuandikiwa wasia na mtu yeyote, waliochota maji na kutwanga katika nyumba ile ile. Usawa wa mwanamke tunaouzungumza darasani hauwezi kuwa usawa wa mabibi pekee. Mwalimu asikwepe ubeti huo. Na aulize: binti wa mtumwa alifunzwa nini usiku ule, na nani alimwandikia?

Kuusoma pamoja na maandiko mengine

Swali hilo latupeleka kwenye kitabu kingine. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo maskini uliotokana na watumwa. Aliuza vyungu, akaenda mjini, akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima. Huyu ndiye binti ambaye Mwana Hashima alionywa asichanganyike naye. Kuviweka vitabu hivi viwili mbele ya darasa moja kwafunza mambo ambayo hotuba ndefu juu ya usawa haiwezi kuyafunza. Na tukumbuke kwamba wote wawili, mke wa mtawala na muuza vyungu, walikuwa Waislamu. Hivyo mwanafunzi hataondoka akidhani kwamba Uislamu una mwanamke wa namna moja tu.

Shaaban Robert atusaidia kwa njia nyingine pia. Aliwatungia watoto wake wawili tenzi za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Hati iko katika njia ile ile ya Mwana Kupona, nayo haikuacha mambo ya dini, adabu na nyumba. Lakini kuwako kwa Adili kando yake kwafungua swali ambalo utendi wa Pate hauwezi kulifungua peke yake: mtoto wa kiume naye anausiwa nini? Darasa ligawanywe mafungu mawili, kila fungu lisome utenzi mmoja, kisha yabadilishane orodha. Ni yapi waliyoambiwa wote wawili? Ni yapi aliyoambiwa binti pekee? Ni lipi ambalo mvulana hakuambiwa, nalo lilimfaa? Baadaye wavulana watunge beti kumi za mama anayemwusia mwanawe wa kiume namna ya kuishi na mke, na wasichana watunge jibu la Mwana Hashima kwa mama yake. Mkristo atunge kwa dua ya kwao na Mwislamu kwa dua ya kwao, na kina cha mwisho kiwe kimoja kwa wote.

Maswali ya mitihani nayo yatazamwe upya. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje mafunzo ambayo mwanamke wa leo ayapate kwa Mwana Kupona limekwisha kuamua kwamba wavulana hawahusiki, na kwamba kazi ya msomaji ni kutii. Lingekuwa bora swali linalomtaka mtahiniwa aeleze wasia huu unamlinda binti na nini, na ni wapi ulinzi huo unapogeuka kuwa kifungo. Jibu la swali kama hilo haliwezi kukaririwa.

Hatusemi haya kwa kupenda fasihi tu. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika muda huo wasichana wengi walipata mimba au waliozwa, na wengi hawakurudi. Wako waliorudi wakiwa wamekwisha kuwa akina mama. Msichana wa namna hiyo anaposikia utendi wa wajibu wa mke ukisomwa kama sheria, anasikia kwamba shule inamrudisha alikotoka. Akisikia ukisomwa kama kichekesho, anasikia kwamba maisha yake ni mzaha. Akiusoma kama maneno ya mama mmoja mwenye elimu, yanayoweza kupimwa, kusifiwa na kupingwa, anapata nafasi ya kuandika wasia wake mwenyewe kwa mwanawe. Na mvulana aliyekaa dawati la pili, ambaye huenda naye ni baba wa mtoto fulani, anapata mara ya kwanza kuulizwa wajibu wake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, twashauri kwamba utendi huu ubaki katika orodha, upewe faharasa nzuri ya maneno ya Kiamu na ya dini, usomwe tangu hamdu hadi dua, na usisomwe peke yake. Usawa wa wasichana na wavulana hauletwi kwa kuwaficha vijana maneno ya zamani, wala mapatano ya dini hayaletwi kwa kufuta jina la Mungu ubaoni. Vyote viwili huanza pale wanafunzi wanaposoma ukurasa mmoja, kila mmoja akawa na haki ya kusema alichokiona.